Uyoga wa Cucu Ciakuthii

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Karwirwa alinawa mikono kwa sabuni mara mbili, kisha akaingia katika kichumba kilichokuwa zamani stoo ya maharagwe. Humo mlining'inia mifuko mitano iliyopandwa mbegu za uyoga. Aliinyunyizia maji kwa chupa, akafungua dirisha kidogo ipate hewa, akatoka na kufunga mlango. Jioni alifanya vivyo hivyo. Mtu mwingine hakuruhusiwa kuingia, asije akaleta uchafu.

Mifuko hiyo baba yake, Mzee Mbaabu, aliinunua mjini Meru kwa Ednah, muuza mbegu za uyoga, kwa ajili ya bibi yake Karwirwa, Cucu Ciakuthii. Tangu augue homa ya mapafu, Cucu hakutaka chakula. Ukimletea uji, alionja kidogo tu na kuusukuma kando. Kitu kimoja ndicho alichotamani, nacho ni uyoga, kama ule aliokuwa akiuchuma msituni alipokuwa msichana. Jumapili shangazi Lydiah angekuja kumchukua akamtunze kwake Kanja, kwa hiyo uyoga ulitakiwa uwe tayari Jumamosi.

"Umechipua?" Cucu aliuliza kila siku.

"Umechipua, Cucu. Sasa ni kama vichwa vya njiti za kiberiti."

Jumatatu jioni Karwirwa alikawia kwa kina Nelius, rafiki yake, wakiruka kamba. Alifika nyumbani hoi, akalala bila kunyunyizia. Kesho yake akachelewa kuamka. Alipochungulia kichumbani, aliona mifuko imeanza kukauka, akaingiwa na hofu.

Uani, baba na vibarua walikuwa wakifunga miraa kwa majani ya mgomba, kama wafanyavyo watu wote wa kwao Mikinduri, ili ifike sokoni ikiwa mbichi. Karwirwa akapata akili, au tuseme alidhani ni akili. Ikiwa majani yanaitunza miraa, yatashindwaje na uyoga? Akaokota yaliyobaki chini, akayalowesha ndooni, akaifunika mifuko minne gubigubi. Majani yakaisha kabla ya mfuko wa tano. Huo aliurushia maji alipokumbuka. Ile minne hakuishughulikia tena.

"Umenyunyizia?" mama aliuliza jioni hiyo.

"Ndiyo, mama."

Alijibu hivyo Jumanne, Jumatano na Alhamisi, na kila siku uongo ulimtoka kwa urahisi zaidi.

Ijumaa jioni aliyafunua majani ili amwonyeshe Cucu uyoga mkubwa. Harufu ya uozo ikampiga usoni. Kuvu la kijani lilikuwa limetapakaa kwenye mifuko yote minne, na uyoga mchanga ulikuwa mweusi, wenye utelezi. Karwirwa aliyakusanya majani, akayatupa nyuma ya zizi, asimwambie mtu.

Jumamosi mama yake, Felicitas, aliingia kichumbani na sinia ili auchume uyoga, akatoka nalo tupu.

"Huyu Ednah ametuuzia mbegu mbaya," baba alisema kwa hasira, simu tayari mkononi. "Nitawaambia watu wote sokoni wasinunue kwake tena."

Cucu alikuwa ameketi kibarazani, bakuli lake limeshakaa mapajani. Aliliweka chini polepole.

"Basi," alisema. "Niliula utotoni. Inatosha."

Karwirwa aliona aibu ambayo hajawahi kuiona. Alitamani mama amchape, mambo yaishe.

"Si Ednah, baba," alisema. "Ni mimi." Akaeleza yote, kuanzia kamba hadi majani ya mgomba.

Hakuna aliyemgombeza. Baba alimpigia Ednah simu, lakini sasa ilikuwa kuomba ushauri. Ednah akasema majani yaliizibia mifuko hewa na kuiletea uchafu wa shambani. Ile minne izikwe mbali na nyumba, chumba kisafishwe, na wa tano huenda ukapona. Karwirwa alichimba shimo mwenyewe. Jumapili Cucu akaondoka bila kuuonja uyoga.

Mfuko wa tano ulipona. Baada ya siku kumi Karwirwa alichuma uyoga, mweupe na mnene, akaupeleka Kanja pamoja na baba. Shangazi Lydiah aliupika kwa nyanya na vitunguu. Cucu akala vijiko vitatu, akafumba macho.

"Ni wenyewe kabisa," alisema. Kisha akausukuma kando.

"Mbona humalizi, Cucu?"

"Hamu nilikuwa nayo juma lile, mjukuu wangu. Juma lile ningemaliza sufuria." Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililomuuma Karwirwa. "Kusahau, hata mimi nasahau. Ungesema Jumanne asubuhi, mama yako angeshika ile chupa, na yangeishia hapo. Uliponyamaza ulininyima chakula, ukakaribia kumharibia Ednah jina. Ukikosea, sema mapema, wakati bado kuna cha kuokoa."

"Nisamehe, Cucu."

"Nilikusamehe siku ile uliposema. Sasa kula, usiuache upoe."

Karwirwa alivuta bakuli. Uyoga ulikuwa mtamu sana. Aliula machozi yakimtiririka, kwa sababu ulikuwa wa Cucu, haukuwa wake.