Koti la Balozi

Msiba wa fundi Charles ulikuwa wa kawaida, tena wenye watu wengi. Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora aliyeshona suti pale Chang'ombe ya Dodoma mpaka ndevu zikaota mvi, na hakuna mteja aliyetoka kwake akiwa amenuna. Hata ukikuta suruali yako bado haijaguswa na mkasi, angekushika bega na kukuambia, "Tulia, mwenzangu. Hapa ni kwenu." Nawe ungerudi nyumbani unacheka, suruali huna.

Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu enzi za mababu, na huku kwetu msiba usio na watani ni ugali usio na mlenda. Kwa hiyo Obedi, Mgogo aliyekulia mtaa huohuo, akaingia kazini kama desturi inavyotaka. Alilivaa koti la kijivu la marehemu, chini akiwa na katambuga zake mwenyewe, ndala za tairi la gari, zile ambazo Raheli mkewe alikuwa amezifunga ukanda kwa uzi wa bluu. Akaanza kutembea kama marehemu: mguu wa kushoto unaburuzwa, shingo upande, tabasamu kwenye pembe ya mdomo. Waombolezaji walivunjika mbavu. Kisha akamshika bega mjane, mama Yasinta. "Tulia, mwenzangu. Hapa ni kwenu."

Mama Yasinta hakucheka. Alirudi kinyumenyume mpaka mgongo wake ukagonga ukuta.

Sasa, mchezo huo una mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Mtani akishachekesha watu, mkubwa wa ukoo humletea maji anawe uso, humvua nguo ya marehemu, na humwambia, "Asante, mtani. Sasa mwache akapumzike." Kabla ya hapo, marehemu bado yuko uani. Siku ile Mzee Elieza, kaka yake Charles, alikuwa ndiyo kwanza anachota maji kwenye pipa wakati mtu mmoja mwenye miwani alipomvuta Obedi kando. Jina lake Octavian, mteja wa siku nyingi wa fundi, na mwongozaji wa tamthilia. Alikuwa amehangaika kutafuta mtu wa kuigiza adui mkuu, na sasa alikuwa anamtazama.

"Usibadilishe kitu," alimwambia. "Hivyohivyo ulivyo, na hilo koti. Wenzangu wanaondoka kwenda Dar sasa hivi, twende wakuone."

Obedi alimtazama Mzee Elieza aliyeinama kwenye pipa, akamtazama mkewe. Alikuwa ameigiza kanisani na kwenye maharusi miaka nenda rudi bila mtu kumjua. Ni Raheli aliyemsukuma. "Nenda, mume wangu. Ngoja ngoja huumiza matumbo." Mzee alipogeuka na maji yake, gari lilikuwa limeshaacha vumbi.

Tamthilia yenyewe ilikuwa ya mambo ya sayansi. Watu wa nyota nyingine wanashuka duniani katika mwaka ambao wajukuu zetu watakuwa wazee, wanataka kuichukua dunia. Waliipiga picha kwenye vilima vya mawe nje ya mji, na mawe ya Dodoma hayahitaji mapambo ili yaonekane ya sayari nyingine. Maadui wengine walibeba silaha za mwanga. Obedi, aliyeitwa Balozi, alibeba koti la kijivu na tabasamu tu. Alimkaribia mtu, akamshika bega, akamwambia maneno yale ya fundi, na mtu akamfuata mwenyewe hadi ndani ya chombo chao cha angani, anacheka. Viatu vya mtu huyo vilibaki nje, juu ya mawe.

Nchi nzima ilimpenda shetani huyo. Bodaboda wa Mpwapwa waliandika maneno yake nyuma ya pikipiki, na wanawake wazima waliombea asiuawe kabla tamthilia haijaisha. Raheli, mwalimu wa chekechea pale Ipagala, alikuwa akipita sokoni watu wanamwita mke wa Balozi. Alifurahi. Kwa nini asifurahi?

Kitu cha kwanza kilikuwa chumvi. Obedi alianza kutia chumvi kwenye chai. Raheli alimtania, naye akatabasamu kwenye pembe ya mdomo. Halafu mguu wa kushoto ukaanza kuburuzika hata nyumbani. "Ni mazoezi," alisema. Koti halikutoka tena mwilini, akawa analala nalo.

Kitu kilichomuuma Raheli zaidi ni salamu. Tangu waoane, Obedi alikuwa akimwamsha kwa Kigogo. "Mbukwa, Raheli." Kila asubuhi, hata wakiwa wamegombana. Asubuhi moja hakusema. Raheli akamsalimia yeye, "Mbukwa." Mumewe alimtazama kama mtu aliyesemeshwa lugha ya ugenini, kisha akajibu kwa upole, "Nzuri, mama Yasinta."

Jioni ile mboga iliungua. Obedi hakufoka. Alitabasamu kwanza. Kisha akamshika Raheli bega, taratibu, akakaza vidole, akaendelea kukaza, huku akimwambia atulie. Asubuhi alama za vidole zilikuwa bado begani.

Raheli alikwenda Chang'ombe siku hiyohiyo. Alimkuta mama Yasinta sebuleni, televisheni imefunikwa kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Mjane alimtazama, akamtazama begani, ingawa gauni lilikuwa limefunika. "Anatia chumvi kwenye chai?"

Raheli aliitikia kwa kichwa. Machozi yalimtoka.

"Kwa watu alikuwa asali, kwangu shubiri," mama Yasinta alinong'ona. "Akifoka nilikuwa napumua. Akitabasamu, nilikuwa natafuta pa kujificha. Jumamosi iliyopita nilikuwa naangalia tamthilia kama watu wengine. Balozi akageuka, akanitazama, akasema, dirisha la uani hujalifunga. Nikaenda kuangalia." Aliivuta kanga ifunike televisheni vizuri. "Lilikuwa wazi."

Mzee Elieza aliposikia, aliketi chini. "Hatukumnawisha mtani wala kumvua," alisema. "Mlete, mwanangu. Mchana, na koti lake. Nikimvua, huyo ndugu yangu atakwenda zake, na mumeo atabaki."

Raheli alimwambia mumewe kwamba ukoo wa fundi unataka kumpongeza. Alikubali haraka. Apendaye kusifiwa haulizi mara mbili. Walipofika, hakungoja kukaribishwa. Aliingia chumba cha kushonea, akaketi kwenye kigoda cha Charles, akaipapasa cherehani. Mama Yasinta alikuwa amejifungia jikoni.

Mzee Elieza alileta maji. Raheli alitegemea vurugu. Alikuwa amewaita hata vijana wawili wa jirani wa kumshika. Hawakuhitajika. Mume wake alinawa uso vizuri. Alivua koti mwenyewe. Akalikunja: mikono kwa ndani, kola juu, kiganja kikipita kwenye mshono, kama afanyavyo fundi suti anapomkabidhi mteja kazi yake.

Raheli aliona. Moyo wake ukaona pia. Lakini mtu mwenye kiu haulizi maji yametoka kisima gani.

"Asante, mtani," Mzee Elieza alisema. "Sasa mwache akapumzike."

Obedi alifungua mdomo. Ikatoka sauti moja, ndogo, ya mtu anayeteleza kisimani. Ikakatika. Akaanguka.

Alipozinduka alisema, "Asanteni, jamani." Mguu ulikuwa mzima. Alitembea hadi nyumbani Ipagala bila kuburuza. Alikunywa chai yenye sukari. Raheli alilia kwa furaha, akaenda kanisani kutoa shukrani, na koti likafukiwa kaburini kwa Charles. Ile salamu ya asubuhi haikurudi, ila alijiambia mgonjwa hapati nafuu kwa siku moja.

Jumamosi ikaonyeshwa sehemu ya mwisho. Ilikuwa imerekodiwa zamani, kabla ya maji, kabla ya koti kuvuliwa. Jua lilikuwa halijazama. Waliketi pamoja kwenye kochi, mlango wazi, watoto wa jirani wakicheza nje.

Balozi alitokea, amesimama kwenye mlango wa chombo. Hapo alitakiwa atabasamu na kuiaga dunia. Hakutabasamu. Shingo yake ilikuwa imenyooka. Alisogea karibu. Karibu zaidi. Alitazama huku na huku kama mtu anayechungulia ndani ya nyumba kupitia kioo chenye vumbi. Macho yakamfikia Raheli, yakatulia.

"Mbukwa, Raheli."

Mlango wa chombo ukajifunga. Muziki. Majina.

Raheli hakugeuza kichwa. Alisikia kochi likilia kando yake. "Mbukwa," alinong'ona, akijaribu, akiomba. "Mbukwa, Obedi. Nijibu, mume wangu."

Mkono ulitua begani kwake. Taratibu.

"Tulia, mwenzangu. Hapa ni kwenu."

Jumatatu yake Raheli alimpigia Octavian simu akiwa amejificha chooni shuleni. Octavian aliapa kwamba hakuna salamu ya Kigogo mahali popote kwenye kazi yake. Alirudia kuangalia picha zote mwanzo hadi mwisho, na jioni alipiga tena yeye mwenyewe. Sauti yake haikuwa ile ya mwanzo. Alisema Balozi hayupo. Katika sehemu ile ya mwisho mlango wa chombo uko wazi, upepo unavuma, na hakuna mtu. Aliuliza kama Raheli anajua ni nani aliyeacha vitu vyake pale juu ya mawe.

"Vitu gani?"

"Katambuga," Octavian alisema. "Ukanda umefungwa kwa uzi wa bluu."

Raheli alikuwa amesimama jikoni, simu sikioni. Nyuma yake, sebuleni, mtu aliita kwa sauti tamu kabisa, akiomba chai.

"Na leo," ile sauti ikasema, "usitie sukari."