Hodi Kwenye Kaseti

Haya yalimpata rafiki yangu Hatibu, fundi cherehani wa Shinyanga mjini, mwaka 1982. Aliishi peke yake. Jioni moja alitaka kurekodi kipindi cha taarabu, lakini alikuwa na nguo za kupeleka Ibadakuli. Akaiweka rekoda mbele ya redio, akaiwasha, akafunga mlango kwa kufuli, akaondoka.

Aliporudi gizani, redio ilikuwa ikiimba, ila rekoda imesimama na utepe haujaisha. Akaurudisha nyuma, akasikiliza. Taarabu ilikuwemo. Mwishoni kufuli likalia, na sauti yake mwenyewe ikapiga hodi, kama alivyozoeshwa na mama yake hata nyumba ikiwa tupu.

“Sasa nikalale wapi?” aliniuliza.

Maana kwenye utepe, baada ya hodi ile, mtu aliyekuwa ndani kando ya rekoda aliitikia taratibu, “Karibu.” Kisha akabonyeza kitufe, akaizima.