Mtungi Usiotikiswa

Mtungi wa dawa ya kifua haukuwepo. Kwenye rafu lilibaki duara safi katikati ya vumbi, na Bibi Dawa alilitazama kama mtu aliyefiwa.

"Lita ishirini, Afande! Mizizi tumetwanga wiki nzima, tukaloweka, tukachuja. Saa nne anakuja mkaguzi kuipima. Asipoikuta, kibali mpaka mwakani. Na watoto wanaokohoa huku nitawapa nini?"

Inspekta alitazama saa. Saa mbili na robo.

"Mlango umevunjwa?"

"Hata kidogo."

"Nani ana ufunguo?"

"Mimi, binti yangu, na Fundi anayenisaidia kutwanga."

Binti alisimama mlangoni, mkono kiunoni. "Mimi tangu alfajiri nilikuwa kwenye maombi. Waulize wanakwaya, wote walinisikia nikikosea."

Alama za vidole hazikusaidia. Zilikuwa za haohao watatu. Lakini nje, gurudumu la toroli lilikuwa limechora mstari kwenye udongo mbichi. Inspekta aliufuata. Kwenye njia panda akasimama, akakuna kidevu. Njia ya mkato ilikuwa mashimo matupu. Mstari ulikuwa umeikwepa, ukauzunguka uwanja wote wa shule.

Mwizi gani huyo asiye na haraka?

"Bibi, dawa hii ikitikiswa inakuwaje?"

"Mashapo yanapanda, Afande. Kazi yote inaanza upya."

"Na nani anayejua hilo?"

Bibi Dawa aligeuza macho upande wa nyumba ya Fundi.

Fundi, seremala mstaafu aliyefiwa na mkewe zamani kama Bibi Dawa alivyofiwa na mumewe, alikutwa uani kwake akiranda ubao uliokwisha kuwa laini. Nyuma yake toroli, na ndani ya toroli mtungi, umefunikwa gunia bichi usipigwe na jua.

"Mzee wangu, umeiba?"

"Nimeficha. Ningeurudisha mkaguzi akishaondoka."

"Kwa nini?"

Fundi aliweka randa chini. "Akiipitisha dawa, inaletwa mashine ya kusaga. Miaka minne, Afande, kila asubuhi, kinu kimoja, michi miwili, mimi na Bibi. Mashine ikija, nitabisha hodi niseme nimefuata nini?"

Bibi Dawa alikuwa amekwisha fika, anahema, na binti nyuma yake.

"Mtu mzima ovyo! Miaka minne umejaza maji mdomoni? Si ungesema?"

"Nilikuwa natwanga."

Binti aliangua kicheko mpaka akaketi chini. Inspekta naye alijikaza, akashindwa.

"Nimtie pingu, Bibi?"

"Atasukumaje toroli na pingu? Twende, Fundi. Polepole. Na upite njia ileile ya kuzunguka."

Saa nne kamili mkaguzi alichota dawa kwa glasi, akaiinua kwenye mwanga. Dawa ilikuwa imetulia, haina hata punje. Akagonga muhuri.

Mungu hana haraka, wala hachelewi. Miezi miwili baadaye Inspekta alishikwa na kikohozi, akaenda kununua chupa. Mashine mpya ilikuwa kimya, imefunikwa kitambaa. Uani ulisikika mchi, na mchi mwingine ukiujibu.

"Mashine imeharibika?"

"Nzima kabisa," alisema binti, akimfungia chupa. "Ila maharusi wangu hawataki kuiwasha."