Homa ya Kiti cha Nyuma

Asubuhi hiyo gereji ilikuwa kama siku zote. Redio ikiongea peke yake juu ya rafu ya oili, paka kalala ndani ya tairi kuukuu, na Fundi Taratibu anapuliza chai yake huku akilitazama gari lililofunguliwa boneti kama mtu anayemsikiliza mgonjwa akijieleza. Jina hilo alipewa na wateja waliochoka kungoja, naye hakulikataa. Aliwaambia wenye pupa wakanunue baiskeli.

Ndipo akaingia Baba Kibibi, mpaka rangi wa nyumba, na gari lake refu la kazi, ngazi imefungwa juu na milango ina madoadoa ya rangi nyeupe. Fundi hakuwa amemwona tangu msiba.

Kibibi alikuwa mtoto wa pekee wa Baba Kibibi na mkewe, hajaanza hata shule. Walimwita hivyo kwa sababu alipenda kuagiza watu kama mwenye nyumba. Siku moja alikuja gerejini na baba yake, akamwuliza fundi mbona mikono yake michafu, kwani kwao hakuna mama? Fundi akacheka siku nzima.

Alivyokufa, mtaa mzima ulijua. Homa ilimshika mchana, wazazi wakamlaza kiti cha nyuma mapajani mwa mama yake, wakaondoka mbio kwenda hospitali. Kwenye mlima gari likachemka. Mpira wa maji ulipasuka, mvuke ukajaa mbele ya kioo, na baba mtu akakimbilia nyumba za jirani kuomba maji. Aliporudi na dumu, mkewe hakuwa akilia. Alikuwa amemfunika mtoto macho kwa kiganja.

Tangu hapo mama alihamia kwa dada yake. Hawakugombana. Walishindwa tu kutazamana.

Baba Kibibi alieleza kwamba rejeta ni mpya, mipira mipya, pampu ya maji mpya, na bado kila mchana mshale wa joto unapanda hadi kwenye nyekundu. Maji hayapungui. Mvuke hautoki. Na mnunuzi wa gari anamsubiri.

Fundi akaanza mwanzo, kama desturi yake. Injini ilipopoa alifungua mfuniko wa rejeta: maji yamejaa, masafi, hayana oili. Akawasha na kuuacha mfuniko wazi, atazame kama kuna mapovu yanayoonyesha gasketi imeungua. Hakuna. Thamostati, kizibo cha maji ya injini, ilifunguka kwa wakati wake, mpira wa chini ukapata moto, feni ikajiwasha yenyewe. Akabadilisha sensa ya joto, akaufuata waya wake hadi kwenye dashibodi. Mshale ulitulia katikati.

Alimwambia mwenye gari kwamba gari halina ugonjwa.

"Ngoja mchana," akajibu Baba Kibibi.

Wakangoja. Jua lilipoanza kuinama kidogo, mshale nao ukaanza kupanda, polepole, bila kusita. Fundi akashika mpira wa juu: joto la kawaida. Akachukua kile kipima joto chake cha kuelekeza kama bastola, akakielekeza kwenye injini. Sawa kabisa. Ndani, mshale uligusa nyekundu. Basi akachomoa waya wa sensa. Waya ukining'inia hivyo, mshale hauna pa kupata habari. Lazima uanguke.

Haukuanguka.

Aliingia akakaa kiti cha dereva, asogee karibu na dashibodi, na hapo ndipo alipohisi joto kisogoni. Si la jua, maana gari lilikuwa chini ya paa. Lilikuwa joto lenye unyevu, linakuja na kwenda. Akageuka taratibu, akaelekeza kipimo kiti cha nyuma. Upande wa kulia, baridi. Katikati, baridi. Upande wa kushoto kilisoma namba ambayo mzazi yeyote anaijua na kuiogopa.

Akapima tena. Namba ilikuwa imepanda kidogo.

"Siku ile," fundi akanong'ona, "mama yake alikaa upande gani?"

Baba Kibibi alionyesha kushoto kwa kidevu. "Nilijua," alisema. "Nilitaka mtu mwingine aone kwanza. Nitamuuziaje mtu gari, na mwanangu bado ana homa ndani?"

Kumpigia mkewe simu hakuweza, akapiga fundi. Hakumweleza mengi. Mama Kibibi alikuja kwa miguu, mtandio begani, akawasalimia wote wawili kwa sauti ya chini. Alifungua mlango wa nyuma, akaweka kiganja kitini kama mtu anayepima maji ya kumwogeshea mtoto. Akakiacha hapo muda mrefu. Halafu akaingia, akakaa, akakunja mkono wa kushoto, akaufunika kwa mtandio.

"Tumpeleke," alisema. "Siku ile hatukufika."

Fundi alirudisha waya, akakaa mbele kando ya Baba Kibibi, aliyeshika usukani. Mjini watu walikuwa wakinunua, wakipishana, wakicheka. Mlima ulipoanza, mshale ulivuka nyekundu, ukagota mwisho. Vioo vikaingia ukungu.

Walipofika pale pale gari lilipochemkia siku ile, injini ikakohoa. Baba Kibibi akaanza kuinua mguu kwenye pedali ya mafuta.

"Usisimame," mkewe akanong'ona. "Safari hii usisimame."

Akakanyaga mafuta. Gari likatetemeka, likaenda. Fundi alitazama mbele tu. Nyuma yake alisikia pumzi. Ndefu moja, ya mtu mzima. Kisha nyingine. Fupi. Ya haraka. Ndogo.

Hakugeuka.

Kwenye mlango wa wagonjwa wa dharura alisimama muuguzi aliyechoka, macho kwenye makaratasi yake. Mama Kibibi akamsogelea, mkono umekunjwa chini ya mtandio. Muuguzi, bila kuinua uso vizuri, akapitisha kiganja chini ya kitambaa.

"Anachemka huyu mtoto," alisema. "Mbona mmechelewa?"

Kisha akafunua mtandio. Kiganja chake kikabaki hewani.

"Asante, dada," akasema Mama Kibibi. "Tumefika."

Baba Kibibi alikuwa nyuma yao. Makaburini hakudondosha chozi, watu wakasema ana moyo mgumu. Hapo alikaa kwenye benchi la wagonjwa, akalia mpaka sauti ikakauka, na mkewe akasimama mbele yake amemshika kichwa.

Wakati wa kurudi mshale ulikaa katikati, ukabaki hapo, na haujapanda tena. Gari hawakuliuza. Muuguzi yule aliomba ahamishiwe wodi nyingine, wala hakutoa sababu.

Mama Kibibi alirudi nyumbani kwake. Wanandoa hao sasa wanaongea, ingawa si sana. Lakini kwenye mkunjo wa kiwiko chake cha kushoto pana mahali, duara la ukubwa wa kichwa cha mtoto, ambapo ngozi haipoi. Hapaumi, hapana jeraha, na daktari aliyepatazama hakuona kitu. Mke wa fundi alipagusa siku moja wakianua nguo pamoja. Anasema si joto la homa. Ni joto la mtoto aliyelala vizuri. Na palikuwa pamelowa jasho kidogo, na pananukia mafuta ya nywele.