Kitabu Kisicho na Kibanio

Ijumaa, saa nane mchana. Vibanio vya nguo vilikuwa tayari mezani katika chumba cha maktaba, na vitabu vilikuwa vimesimamishwa kwenye rafu ya mbele, majalada yakiwatazama wanafunzi.

Ndivyo darasa la sita lilivyozoea. Kila Ijumaa wanafunzi wachache walisimama na kutoa maoni yao juu ya katuni au kitabu walichosoma. Msikilizaji aliyevutiwa alibana kibanio chake kwenye jalada, maana yake ameshika zamu ya kuazima. Kitabu ambacho hakikupata kibanio hadi muhula kwisha kilirudishwa maktaba kuu ya mji, kibadilishwe na kingine.

Hakuna aliyevuna vibanio kama msichana waliyemwita Chiriku. Maneno yalimtoka mfululizo kama mshono wa cherehani. Akikisifu kitabu, kinagombewa. Akikiponda, kinalala na vumbi. Muhula huo alikuwa na shabaha moja. Mwalimu wa maktaba angekwenda maktaba kuu kuchagua vitabu vipya, naye angewachukua wanafunzi wawili. Chiriku alitaka kuwa mmoja wao. Mdogo wake alishuhudia kwamba aliitaja safari hiyo hata usingizini.

Siku hiyo alishika katuni ya mbwa mpelelezi. Alisema picha zake zinapendeza, kwamba yule mbwa ana akili kuliko polisi wote wa kitabuni, na kwamba mwizi wa mikate anapokamatwa mwishoni msomaji anabaki ameshika mbavu. Ukweli ni kwamba aliishia katikati. Mwisho aliukisia tu, kwa kuwa katuni zote za wapelelezi alizozijua ziliisha kwa mwizi kukamatwa.

Mkono mmoja ukainuka. Ulikuwa wa Kobe, mvulana aliyepewa jina hilo kwa kusoma polepole, kidole kikifuata mstari.

"Alikamatiwa wapi?"

"Si pale pale kwenye tanuri," Chiriku akajibu bila kusita.

"Mimi nimeisoma," Kobe akasema. "Karatasi ya mwisho haipo. Mbwa anainua mguu agonge mlango, halafu jalada."

Mwalimu akaichukua katuni, akaifungua mwishoni na kuwaonyesha. Palikuwa na ukingo wa karatasi iliyochanika, na mbwa mguu juu.

"Mwenzetu anasoma mpaka kurasa ambazo hazipo," akasema binamu yake Chiriku kutoka nyuma. Darasa likaangua kicheko.

Mwalimu alisubiri kicheko kiishe, kisha akamuuliza Chiriku kama alikimaliza kitabu. Chiriku alitazama vibanio mezani.

"Sikukimaliza, Mwalimu. Na kile cha binti wa fundi saa, nilichosema kinatia usingizi, nilisoma kurasa mbili tu. Naomba nikichukue."

Kitabu hicho kilikuwa kinene, na tangu Chiriku akiponde hakikuwahi kupata kibanio. Mwalimu alimpa, akamkumbusha mambo mawili: Ijumaa ijayo wasafiri wangechaguliwa, na siku hiyo hiyo vitabu visivyo na kibanio vingefungwa sandukuni.

Nyumbani, mama yake alikuwa akishona katika chumba cha mbele. Mteja mmoja alikuwa ameliinua gauni lake hadi begani, akalisifu, akataka kulikunja aondoke. Mama hakukubali. Alimwingiza nyuma ya pazia alivae, na alipotoka, kiuno kilikuwa kimebana. Mama akafumua mshono.

"Lakini mwenyewe alishasema zuri," Chiriku akasema mteja alipoondoka.

"Alilitazama begani tu, mwanangu. Kiunoni je? Nguo iliyo mezani hata mimi niliyeishona siijui bado." Akakata ukanda wa kitambaa chekundu, akamtupia. "Weka hapo ulipofika. Na ukanda huo usiseme uongo."

Kitabu kilikuwa kigumu mwanzoni. Chiriku alikisoma kwenye foleni ya bomba na jikoni akingoja maji yachemke. Sura ya tatu ilikuwa yote juu ya magurudumu na springi za saa, akapiga miayo. Akajaribu kuruka kurasa. Mbele akakuta binti na baba yake hawasemezani, na sababu ilikuwa katika zile alizoziruka. Akarudi nyuma, akakaza macho, safari hii kidole kikifuata mstari. Kufikia Jumatano hakuhitaji tena kujilazimisha. Mama yake ndiye aliyelazimika kumwita mara tatu aje kula.

Ijumaa ikafika akiwa amebakiza sura moja. Binamu yake akamnong'oneza mlangoni, "Si useme tu saa inatengemaa? Kitabu cha fundi saa kitaishaje kingine?"

"Labda. Mimi sijui," Chiriku akajibu, akaingia.

Aliposimama, aliinua kitabu kila mtu auone ukanda mwekundu.

"Nimefika hapa. Saa ya mnarani imesimama, binti amepanda juu peke yake, na baba yake hajui. Kinachofuata sijasoma, kwa hiyo sisemi kama kinaisha vizuri. Sura ya tatu inachosha. Lakini usiiruke, utapotea kama mimi. Niliposema kitabu hiki kinatia usingizi, nilikuwa sijakisoma. Maneno yale nayafuta."

Hakuna aliyecheka. Kobe aliuliza kama ngazi za mnarani ni mbovu. Chiriku akasema ndiyo, ya juu kabisa imeoza. Kobe akainuka, akabana kibanio chake kwenye jalada. Wengine wawili wakamfuata, na wa mwisho alikuwa binamu.

Mwalimu akalisogeza sanduku kando. "Kusema kitabu kimekuchosha si kosa," akawaambia. "Kila mtu ana ladha yake. Kosa ni kutusimulia mahali ambapo miguu yako haikufika. Watu hufuata neno lako; ukilitoa bila kujua, unawapoteza wao, na vitabu vizuri vinaondoka. Mwaminifu husema alipofika, na hapo ndipo tunapomwamini." Kisha akataja wawili ambao angekwenda nao maktaba kuu: Kobe na Chiriku.

Kengele ililia, darasa likatoka. Chiriku alibaki kwenye benchi, akaondoa ukanda mwekundu na kusoma sura ya mwisho. Alipofika ukurasa wa mwisho aligeuza jalada, akahakikisha hakuna karatasi iliyochanika. Kisha akachukua kibanio chake, akakibana karibu na cha Kobe.