Moto Uliokuwa Ukitupwa

Kila asubuhi Mama Dobi aliwasha kuni chini ya pipa kubwa. Yeye na mumewe walikuwa wakifua mashuka ya hospitali. Umeme ulikatika karibu kila siku. Kwa hiyo nje ya ukuta jenereta la dizeli lilinguruma mchana kutwa, likiendesha mashine za kufulia. Maji ya moto yalibebwa kwa ndoo kutoka kwenye pipa. Moshi uliwatoa machozi wote wawili.

Siku moja muuguzi mkuu alirudisha furushi zima.

"Mama, mashuka ni meupe, sikatai. Lakini yananuka moshi. Mwenye pumu atalalaje hapa? Nakupa wiki mbili. Ukishindwa, nitatafuta dobi mwingine."

Mama Dobi alikaa juu ya furushi, akaanza kuhesabu siku. Ndipo mumewe akapata wazo.

"Mke wangu, jenereta lina joto kama tanuri. Tuliingize ndani. Litatukaushia mashuka na kutuchemshia maji."

Walikuwa wameshafungua nati mbili fundi wa jenereta alipofika kubadilisha oili. Alikuwa mwanamke mfupi, mcheshi. Siku hiyo hakucheka.

"Shemeji, acha hiyo spana! Unataka kutuzika?"

"Kwani kuna nini?"

"Moshi wa injini una sumu isiyo na harufu. Ndani ya chumba inaua kimya kimya. Mtu anasinzia, haamki tena. Jenereta halikai ndani hata siku moja."

Mume aliiweka spana chini taratibu.

"Ila kuhusu joto hujakosea," fundi akaendelea. "Injini inachoma dizeli. Kama theluthi moja tu ndiyo inakuwa umeme. Sehemu kubwa inayobaki inatoka kama joto. Mnalitupa hewani, kisha mnachoma kuni kutafuta joto jingine!"

Mama Dobi alicheka bila kutaka. "Kumbe tunajiibia wenyewe! Sasa tutalikamataje?"

Fundi aliokota kipande cha mkaa, akachora ukutani. Injini hupozwa kwa maji. Maji hayo ya moto yangepita katika bomba la shaba lililojikunja ndani ya tangi jipya la maji ya kufulia. Yangeacha joto humo, kisha yangerudi kwenye injini.

"Maji ya injini na ya kufulia hayagusani," alisema. "Joto tu ndilo linalovuka."

"Na tangi likishapata moto wa kutosha?" aliuliza Mama Dobi. "Injini itapozwa na nini?"

"Hapo umeuliza. Rejeta, ile inayopoza maji ya injini kwa feni, inabaki. Tangi likishiba, vali inageuza maji yaende huko. Lakini msijaribu wenyewe. Kazi hii ina vipimo vyake. Tena inafaa biashara inayotumia umeme na maji ya moto kwa pamoja, saa nyingi kila siku. Muuza vitabu asihangaike."

Kazi ilichukua siku nne. Jenereta lilibaki nje. Asubuhi ya tano Mama Dobi hakuwasha kuni. Mumewe alitumbukiza kidole tangini, akaruka.

"Mama wee! Yanaunguza!"

Wiki mbili zilipotimia, muuguzi mkuu alikuja mwenyewe. Alifunua shuka, akalinusa, akanusa la pili.

"Umebadilisha sabuni?"

"Hapana, dada. Nimeacha kutupa joto." Akamwonyesha tangi na mabomba, akamweleza yote.

Muuguzi alisikiliza, kisha akatazama kule jenereta lilikokuwa likinguruma.

"Na sisi tuna letu, kubwa kuliko hili," alisema polepole. "Linanguruma nyuma ya jiko la wagonjwa, na jikoni tunachemsha maji kwa kuni." Akatoa simu mfukoni. "Nipe namba ya huyo fundi."