Pikapu Aliyoshindwa Kuipanda Mama

Majirani zangu wa mitaa ya Al Qusais na Al Twar, huku ughaibuni, nanyi mnaonisoma mkiwa mbali, nipeni masikio kidogo. Mimi ni mjane, na shule niliishia darasa la saba. Lakini nililoliona kwa macho yangu halitaki cheti kulisimulia.

Nyumba ya Mubarak ilikuwa nyumba ya raha. Alasiri za baridi, mama yake, Bi Ghania, hukaa uani akichagua mchele. Mkewe Badriya humimina kahawa, na binti yao Nada, wa miaka sita, huzunguka na baiskeli. Ukipita utaitwa mpaka uingie.

Kila msimu wa baridi sisi watu wa Zanzibar tulioko huku huchagua siku moja, tukaenda nje ya mji kupika pilau na kusoma dua. Mwaka huu Mubarak alinunua karavani, ile nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari. Magoti ya mama yake yamechoka, naye akataka mama apate kitanda na choo huko huko. Nia njema, wallahi. Likabaki gari la kuivuta, na hapo ndipo shetani alipopata mlango.

Shihab, kaka yake Badriya, ni fundi wa magari. Akamtafutia pikapu nyeupe, kongwe, nzito, injini kubwa, sura haina.

"Chukua hii, shemeji. Inavuta tani tatu bila kuhema."

"Hii? Watu watadhani nimekuja kupakia saruji!"

Mubarak akachukua nyekundu, mpya, inayong'aa. Haikumtosha. Akainyanyua springi, akatia matairi mapana, mpaka sakafu yake ikanifika kiunoni. Shihab alipoiona alishika kichwa.

"Hii mwisho wake tani moja na nusu. Karavani yako tupu tu inakaribia hapo. Ukitia maji, jenereta na masufuria ya watu arubaini, je? Halafu umeipandisha juu, itanyanyua pua ya karavani, uzito wote urudi nyuma. Mkia utacheza, shemeji."

"Wewe fundi au mwalimu wa chuoni?" Mubarak alicheka. "Sikiliza mlio wake huo!"

"Mlio hauvuti kitu."

"Khalas, Shihab. Gari nimeshanunua."

Asubuhi ya safari tulikuwa wanne wa kusafiri naye: mama yake, mkewe, mtoto na mimi. Nilimkuta Mubarak anajaza tangi la karavani mpaka juu.

"Mwanangu, maji yote hayo ya nini?" Bi Ghania akamuuliza. "Mtume wetu akitawadha kwa kibaba."

"Nataka watu wote leo watawadhie kwangu, mama."

Kwangu. Neno hilo nililisikia, likanikaa.

Ikaja zamu ya Bi Ghania kupanda. Akainua mguu, haukufika. Tukaleta kigoda, haukufika. Badriya akamsukuma kwa nyuma, mimi nikamvuta mkono, mwenyewe akawa anacheka: "Mnanipandisha ngamia nyie?" Lakini goti lilimuuma, nikaona machozi yanamlenga. Mubarak alitazama saa. Wenzetu walishatangulia.

"Yalla, mama akae kwenye karavani. Kitanda kipo, ajinyooshe."

Nikamwambia, "Mubarak, marehemu mume wangu aliendesha malori miaka ishirini. Hakuwahi kumweka mtu ndani ya kinachovutwa. Hata askari hawaruhusu."

"Mwendo mfupi tu, bi mkubwa. Usitutie uchuro."

Nada alitaka kumfuata bibi yake. Nikamshika mkono, nikampakia nami kiti cha nyuma. Kisha nikanyamaza. Nilimzuia mtoto, mama nikamwachia. Hilo linaniuma hadi leo kwenye sijida.

Tulikwenda vizuri mpaka tulipofika kwenye mteremko karibu na milima. Lori likatupita kwa kasi, upepo wake ukaisukuma karavani. Ikayumba kulia, ikarudi kushoto, ikaongeza. Pikapu nayo ikaanza kutikisika nyuma, kama mbwa aliyeshikwa mkia.

"Baba Nada, taratibu!" Badriya akapiga kelele.

Mubarak akakanyaga breki kwa nguvu. Karavani ilikuwa nzito kuliko gari. Ikatusukuma, ikatugeuza ubavu, ikakatika na kupinduka. Sisi tukasimama kwenye mchanga, tukiwa wazima.

Tuliposhuka, kilichosikika ni maji tu. Maji ya udhu wa watu arubaini yalikuwa yanamwagika mchangani. Mubarak alikuwa anaung'oa mlango kwa kucha.

"Mama! Mama, nijibu!"

Sauti ikatoka ndani, ndogo: "Nada yuko na nani?"

Nyonga ilivunjika mahali pawili. Madaktari walijitahidi, Mungu awalipe, lakini Bi Ghania hakusimama tena. Sasa anaswali kwenye kiti cha magurudumu. Pikapu nyekundu iliuzwa, na Mubarak ana gari dogo la chini. Kila siku ya kliniki humbeba mama yake mikononi, akamkalisha taratibu.

Bi Ghania hajamlaumu hata mara moja. Ila siku moja nilikuwepo, akiwa amebebwa, mkono wake shingoni kwa mwanawe. Akamwambia kwa upole:

"Mwanangu, siku ile ungenibeba hivi, ningepanda."

Mubarak akasimama pale pale mlangoni, hawezi kwenda mbele wala kurudi.

MAFUNZO

Ndugu zangu, anayetaka kuvuta mzigo auulize kwanza uzito wake ukiwa umejaa, wala si ukiwa mtupu, kisha achague gari linaloumudu. Macho ya watu hayavuti tani hata moja. Fundi wako akikwambia ukweli, mshukuru, hata kama umeshanunua. Kitu ulichokinunua kwa ajili ya mama yako, mpe kwanza mama yako akijaribu. Akishindwa kukipanda, jua si chake tena, umejinunulia wewe. Nasi tunaoona tusiseme mara moja tukanyamaza. Tuseme mpaka gari lisiondoke.